Kupima Msimu wa Bei ya Mahindi: Somo kwa Mlaji Mwenye Daftari na Kompyuta

Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huelekezwa zaidi kwa mfanyabiashara, lakini unamhusu mlaji vilevile, hasa mlaji anayenunua chakula kilekile mwezi baada ya mwezi kwa bei isiyotulia.

Katika kata ya Bugarama, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, wako watu wengi ambao unga wao hautoki shambani mwao. Eneo hili ni jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na limekusanya waajiriwa, wachimbaji wadogo, mamalishe, mafundi na waendesha bodaboda. Watu hawa hununua mahindi. Kila mwaka, mavuno yanapoingia sokoni, husikia wito uleule: “Nunua sasa, ikifika Januari bei itaruka.”

Wito huo mara nyingi una ukweli. Hata hivyo, mlaji hapaswi kuridhika na kujua kwamba bei itapanda. Anapaswa kujua hupanda kwa kiasi gani katika mwaka wa kawaida, na kama kiasi hicho kinatosha kulipia gharama za kununua mapema: mifuko, wadudu, na pengine riba ya mkopo. Somo hili linaonyesha njia ya kupata jibu kwa kulinganisha bei zilizoandikwa daftarini na wimbi linalojirudia kila mwaka.

Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

- kuandika bei kwa namna inayofaa kulinganishwa;
- kutumia lahajedwali au programu ya takwimu kupata wimbi la msimu;
- kutambua mwezi wa bei ya juu, mwezi wa bei ya chini na tofauti yake;
- kuamua kama kununua mahindi ya miezi kadhaa kwa mkupuo kuna faida kwa kaya yake.

1. Kwa nini bei huenda kama wimbi

Mahindi huvunwa kwa majuma machache, lakini huliwa mwaka mzima. Katika ukanda wa Shinyanga, sehemu kubwa ya mavuno huingia sokoni kati ya Mei na Julai. Wakati huo wauzaji ni wengi, maghala yamejaa, na mkulima mwenye ada ya shule au deni la pembejeo hawezi kusubiri. Bei hushuka. Kuanzia Agosti akiba hupungua polepole, na kila anayeendelea kuhifadhi hudai malipo ya ghala, ya hasara na ya fedha yake iliyolala. Bei hupanda hadi miezi ya Januari na Februari, wakati mahindi mapya bado yako shambani.

Mwendo huo hujirudia kila baada ya miezi 12. Ukiuchora kwenye karatasi, utaona mlima na bonde, kisha mlima tena. Sehemu ya juu kabisa tutaiita kilele, sehemu ya chini kabisa tutaiita bonde, na umbali kutoka bei ya wastani hadi kilele tutauita kimo cha wimbi.

2. Kuandika bei kwa kipimo kimoja

Hesabu nzuri haiwezi kuokoa takwimu mbaya. Kabla ya kugusa kompyuta, zingatia mambo matatu.

Kwanza, andika bei kwa kilo, si kwa debe wala kwa sado. Debe linaweza kujazwa hadi likawa na kilele wakati wa mavuno, na likafutwa kwa ubao wakati wa uhaba. Bei ya debe ikibaki ileile huku ujazo ukipungua, daftari litasema hakuna mabadiliko ilhali mlaji amelipa zaidi. Pima kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, kisha gawanya fedha ulizolipa kwa kilo ulizopata.

Pili, zingatia unyevu. Mahindi yaliyotoka kuvunwa huwa na maji mengi, na maji hayo unayanunua kwa bei ya mahindi. Chukua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20. Kilo 80 ni punje kavu na kilo 20 ni maji. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango kinachofaa kwa kuhifadhi, zitabaki kilo 92.5 tu. Bei ya shilingi 650 kwa kilo imekuwa, kwa kweli, shilingi 703 kwa kilo ya mahindi makavu. Andika kando ya kila bei kama mahindi yalikuwa makavu au la.

Tatu, andika bei siku ileile ya mwezi na katika soko lilelile, mathalani gulio la kwanza la kila mwezi. Usichanganye bei ya rejareja ya Bugarama na bei ya jumla ya Kahama katika safu moja.

Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu hauwezi kutofautisha msimu na bahati. Miaka 3 ni kiwango cha chini, na miaka 5 ni bora. Asiye na daftari la miaka ya nyuma anaweza kuanzia bei za jumla za mazao zinazokusanywa na wizara yenye dhamana ya biashara katika masoko ya mikoa, akikumbuka kwamba bei ya jumla huwa chini ya ile anayolipa dukani.

3. Kosa la kuchukua bei ya juu na ya chini tu

Wengi hupima msimu kwa njia ya mkato: huchukua bei kubwa kuliko zote, hutoa bei ndogo kuliko zote, na kuiita tofauti hiyo msimu. Njia hii hukuza msimu kuliko ulivyo.

Fikiri unapima debe moja la mahindi mara 12 kwa mizani inayotikisika kidogo. Mahindi ni yaleyale, lakini utapata uzito wa juu na uzito wa chini. Tofauti hiyo imetokana na mtikisiko wa mizani tu. Bei nazo hutikisika. Lori limekwama njiani kwa matope, mnunuzi mkubwa amefika ghafla, au mvua imezuia gulio. Anayechagua mwezi uliopanda kuliko yote na uliozama kuliko yote amechagua, bila kujua, miezi ambayo mtikisiko uliongezea msimu nguvu.

Jambo hili limethibitishwa na watafiti Christopher Gilbert, Luc Christiaensen na Jonathan Kaminski, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Walichunguza masoko 193 katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa vyakula 13. Walionyesha kwamba njia zilizozoeleka za kupima msimu mwezi kwa mwezi zinaweza kuukuza kwa kiasi kikubwa, hasa pale takwimu zinapokuwa za miaka michache, na kwamba njia zinazotumia namba chache, likiwemo wimbi tunalojifunza hapa, hupunguza kosa hilo. Kwa vipimo vyao, pengo la msimu la mahindi lilikuwa asilimia 33 kwa wastani, na la mchele asilimia 16.5. Pengo la msimu ni kiasi ambacho bei ya kilele huizidi bei ya bonde.

4. Wimbi lenye namba tatu

Wimbi la msimu huandikwa hivi:

bei = W + S × sini + K × kosini

W ni bei ya wastani wa mwaka. Sini na kosini ni mawimbi mawili ya kihesabu ambayo kompyuta inayajua tayari. Yote mawili hupanda na kushuka kati ya 1 na hasi 1, ila hayafiki kileleni kwa wakati mmoja. Kwa kuyapa mawimbi haya uzito tofauti, yaani S na K, tunaweza kupata wimbi lenye kimo chochote na lenye kilele katika mwezi wowote.

Kazi ya kompyuta ni kutafuta W, S na K zinazolifanya wimbi lipite karibu kabisa na bei ulizoandika. Huchukua tofauti kati ya kila bei na wimbi, huizidisha kwa yenyewe ili hasi na chanya zisifutane, hujumlisha, na kuchagua namba zinazoifanya jumla hiyo kuwa ndogo kuliko zote. Kwa kuwa namba zinazotafutwa ni tatu tu, mtikisiko wa mwezi mmoja hauna nguvu ya kulivuta wimbi zima.

5. Zoezi katika kompyuta

Bei zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Si takwimu za soko la Bugarama wala za soko lingine. Zichukue kama wastani wa miaka 3 kwa kila mwezi, katika kipindi ambacho bei kwa jumla haikupanda wala kushuka. Ni shilingi kwa kilo moja ya mahindi makavu.

| Mwezi | Namba | Bei |
|---|---|---|
| Januari | 1 | 900 |
| Februari | 2 | 960 |
| Machi | 3 | 880 |
| Aprili | 4 | 820 |
| Mei | 5 | 740 |
| Juni | 6 | 700 |
| Julai | 7 | 650 |
| Agosti | 8 | 710 |
| Septemba | 9 | 720 |
| Oktoba | 10 | 800 |
| Novemba | 11 | 830 |
| Desemba | 12 | 890 |

*Kwa lahajedwali.* Tumia programu yoyote uliyo nayo. LibreOffice Calc hupatikana bila malipo.

1. Katika safuwima A andika namba za miezi, kuanzia seli A2 hadi A13. Katika safuwima B andika bei.
2. Katika seli C2 andika =SIN(2*PI()*A2/12) na katika D2 andika =COS(2*PI()*A2/12). Vuta fomula zote mbili hadi safumlalo ya 13. Kama umeandika sawasawa, C2 itaonyesha 0.5 na D13 itaonyesha 1.
3. Chagua seli tatu tupu zilizo sambamba, andika =LINEST(B2:B13,C2:D13), kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Kama programu yako inatenganisha kwa nukta mkato, weka nukta mkato badala ya mkato.
4. Utapata namba tatu: 99.9, 79.0 na 800. Zisome kwa uangalifu, kwani programu huzitoa kinyumenyume. Ya kwanza ni ya kosini, ya pili ni ya sini, na ya mwisho ni wastani. Wengi hukosea hapa, na kosa hili huhamisha kilele hadi mwezi usio wake.

*Kwa programu ya R.* R ni programu ya takwimu isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Andika mistari mitatu:

bei <- c(900,960,880,820,740,700,650,710,720,800,830,890)
mwezi <- 1:12
summary(lm(bei ~ sin(2*pi*mwezi/12) + cos(2*pi*mwezi/12)))

R hutoa namba zilezile, safari hii wastani ukitangulia, kisha sini, kisha kosini.

Ukiwa na takwimu za miaka kadhaa mfululizo, usizigeuze kuwa wastani. Ziandike zote, miezi ikihesabiwa 1 hadi 36 au zaidi, kisha ongeza namba hizo za mfululizo kama safu ya tatu pamoja na sini na kosini. Safu hiyo hubeba mfumuko wa bei. Ukiiacha, kupanda kwa gharama za maisha mwaka hadi mwaka kutaingia kwenye wimbi na kujifanya msimu.

6. Kusoma majibu

*Kimo cha wimbi.* Zidisha S kwa yenyewe, zidisha K kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano wetu ni kipeuo cha pili cha (79 × 79 + 100 × 100), yaani 127. Hivyo bei ya kilele ni 800 + 127 = shilingi 927, na ya bonde ni 800 − 127 = shilingi 673.

*Pengo la msimu.* Tofauti ni shilingi 254. Ukiigawa kwa 673, utapata asilimia 38. Linganisha na njia ya mkato: 960 kutoa 650 ni 310, na ukiigawa kwa 650 utapata asilimia 48. Takwimu ni zilezile, lakini njia ya mkato imeongeza asilimia 10 ambazo hazipo katika wimbi. Mlaji akikopa kwa kutegemea asilimia hizo 10, atazilipa kutoka mfukoni mwake.

*Mwezi wa kilele.* Katika lahajedwali andika =ATAN2(100,79)*12/(2*PI()). Jibu ni 1.28. Kilele kiko kati ya Januari na Februari, karibu zaidi na Januari. Ongeza 6 upate bonde: 7.28, yaani baada kidogo ya Julai. Jibu likitoka hasi, liongezee 12.

*Mabaki.* Tazama jinsi kila bei ilivyoachana na wimbi. Februari wimbi linasema 918, daftari linasema 960: baki ni shilingi 42. Julai wimbi linasema 674, daftari linasema 650: baki ni hasi 24. Mabaki yakiwa makubwa katika mwezi uleule kila mwaka, wimbi lako lina umbo lisilotosha. Yakiruka huku na kule bila mpangilio, ni mtikisiko wa kawaida wa soko.

Katika zoezi hili wimbi linaeleza asilimia 95 ya mabadiliko ya bei. Usitarajie uzuri huo kwa takwimu halisi za mwezi kwa mwezi. Miezi iliyokwisha kuchanganywa kuwa wastani daima huonekana mitulivu kuliko soko lenyewe.

7. Wimbi moja au mawili?

Mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, alionyesha kwamba mwendo unaojirudia, hata wenye umbo la ajabu, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sini na kosini yenye kasi tofauti. Mlaji anahitaji mawili tu ya kwanza: linalojirudia mara moja kwa mwaka na linalojirudia mara mbili.

Suala hili lina maana maalumu Bugarama. Katika utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ukanda wa Ziwa Victoria huwekwa katika maeneo yenye vuli na masika, ilhali Tabora, upande wa kusini, huwekwa katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua. Soko linalopokea mahindi kutoka pande zote mbili linaweza kuwa na bonde kubwa la katikati ya mwaka na kijibonde kingine mwanzoni mwa mwaka. Aidha, bei ya mahindi mara nyingi hushuka kwa kasi mavuno yanapoingia na kupanda kwa mwendo wa kobe baadaye. Wimbi moja hushuka na kupanda kwa kasi ileile, kwa hiyo haliwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Ili kuongeza wimbi la pili, tengeneza safuwima mbili zaidi ukiweka 4 mahali pa 2 katika fomula: =SIN(4*PI()*A2/12) na =COS(4*PI()*A2/12). Je, utajuaje kama linahitajika? Ficha mwaka wa mwisho wa takwimu zako. Tengeneza wimbi moja, kisha mawimbi mawili, kwa miaka iliyobaki. Angalia ni lipi lililokisia vizuri zaidi bei za mwaka uliofichwa. Usiongeze mawimbi kwa sababu tu mchoro unapendeza, kwani kila wimbi la ziada hukaribia zaidi kuigiza mtikisiko tuliokuwa tunaukimbia.

8. Kutoka kwenye wimbi hadi mfukoni

Tuchukue kaya inayotumia kilo 50 za mahindi kwa mwezi. Mwezi Julai inafikiria kununua kilo 300 zitakazoliwa kuanzia Agosti hadi Januari. Tunatumia bei za wimbi, si bei za bahati.

- Kununua yote Julai kwa shilingi 674: shilingi 202,200.
- Kununua kilo 50 kila mwezi kuanzia Agosti hadi Januari: shilingi 242,900.
- Tofauti: shilingi 40,700.

Sasa tutoe gharama. Tuseme mifuko 3 isiyopitisha hewa inauzwa shilingi 5,000 kila mmoja: jumla 15,000. Tuseme kilo 5 katika kila 100 zitaharibika: kilo 15, sawa na shilingi 10,100. Kinachobaki ni shilingi 15,600. Kwa kaya yenye fedha mkononi ni akiba halisi, na mwaka unaofuata itakuwa kubwa zaidi ikiwa mifuko ingali mizima.

Je, kama fedha ni za mkopo? Riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya shilingi 202,200, ikilipwa pamoja na deni lote baada ya miezi 6, ni shilingi 36,400. Kaya itakuwa imepoteza shilingi 20,800, ingawa bei ilipanda kama ilivyotabiriwa. Aliyesema “Nunua sasa, Januari bei itaruka” hakudanganya, na hata hivyo mlaji amepata hasara. Katika mfano huu, riba ya juu kabisa ambayo msimu unaweza kuilipa ni takriban asilimia 1.3 kwa mwezi.

Hii haimaanishi kwamba kila mkopo wa mahindi ni mbaya. Magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuhifadhi mahindi badala ya kuyauza kwa bei ya chini, na mapato yao yaliongezeka. Mkopo huo ulikuwa na riba ya asilimia 10 kwa miezi 9 yote, yaani takriban asilimia 1.1 kwa mwezi. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba pale wakulima wengi wa eneo moja walipopata mkopo, tofauti ya bei kati ya mavuno na uhaba ilipungua katika masoko ya hapo. Kwa hiyo wimbi linaweza kubadilika watu wakibadili mwenendo, na daftari linapaswa kuendelea kuandikwa.

Kwa mchele hesabu ni ngumu zaidi. Pengo la msimu likiwa karibu na asilimia 16.5 badala ya 33, gharama zilezile humeza faida mapema. Pima kwanza, usihamishe jibu la mahindi kwenda kwenye mchele.

9. Yale ambayo wimbi halioni

Wimbi linaeleza mwaka wa kawaida. Halitabiri ukame, wala uamuzi wa mpakani. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu tena kwa masharti. Mwishoni mwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, bei ya mahindi nchini ilipanda kupita kawaida ya msimu. Matukio kama hayo huonekana kama mabaki makubwa. Yaandike sababu yake daftarini, ili baada ya miaka mitatu usidhani ulikuwa msimu.

Wimbi halioni pia kinachotokea ndani ya gunia. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi huoza. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Skania, aligunduliwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoani Tabora, jirani na Shinyanga, na anaweza kugeuza punje kuwa vumbi ndani ya miezi michache. Hatari kubwa kuliko hasara ya fedha ni sumukuvu, inayotokana na ukungu katika nafaka isiyokauka. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kabla ya kufunga mfuko, jaribu unyevu kwa chumvi. Weka punje na chumvi kavu katika chupa safi iliyo kavu, ziba, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka: yaanike tena. Punje zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida zisiliwe, wala zisipewe mifugo. Hakuna pengo la msimu linalofidia afya ya mtoto.

Mambo ya kukumbuka

- Andika bei kwa kilo, soko lilelile, siku ileile ya mwezi, kwa miaka 3 au zaidi.
- Usipime msimu kwa bei ya juu na ya chini peke yake.
- Toa gharama za mifuko, hasara na riba kutoka kwenye faida ya msimu kabla ya kuamua.
- Mkopeshaji akikutajia riba kwa mwezi, ijumlishe kwa miezi yote utakayohifadhi.
- Kikundi cha VICOBA kinaweza kuwa na daftari moja la bei na mwanachama mmoja wa kuingiza takwimu katika kompyuta. Kazi hii huchukua dakika chache kwa mwezi.
- Ukitilia shaka mizani au ujazo, toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo.

Maswali ya kujipima

1. Programu imekupa W = 600, S = 30 na K = 40. Bei ya kilele na ya bonde ni zipi, na pengo la msimu ni asilimia ngapi?
2. Muuzaji anasema mwaka jana bei ilitoka 600 hadi 900, hivyo mwaka huu itapanda kwa nusu. Utamjibu nini?
3. Kaya ya mfano wetu imepata mkopo wenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Je, inunue Julai?

*Majibu.* (1) Kimo ni 50. Kilele 650, bonde 550. Pengo ni takriban asilimia 18. (2) Mwaka mmoja hautofautishi msimu na mtikisiko, na tofauti ya bei ya juu na ya chini hukuza msimu. Mwombe bei za miaka mingine, au fungua daftari lako. (3) Riba ya miezi 6 ni takriban shilingi 12,100, pungufu ya 15,600. Itabakiwa na shilingi 3,500 hivi. Ni faida ndogo inayoweza kuliwa na mfuko mmoja uliotoboka, kwa hiyo anunue ikiwa tu ana mahali pakavu na salama pa kuhifadhi.